Chenye Tambara ni cha Watu

"Weka chini hiyo cherehani, mwizi mkubwa wewe!"

Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, na najua wapo walionilaani kwa kuwakatia utamu. Haya, shusheni pumzi. Sauti ilikuwa ya mwanamke, ilitokea mlangoni mwa karakana ya marehemu fundi cherehani. Aliyeitwa mwizi ni mtoto wa kwanza wa marehemu, yule tunayemwita Meneja. Aliwahi kusimamia ghala kwa miezi michache, na mpaka leo hajakivua cheo hicho.

Meneja alikuwa ameinama, ameikumbatia cherehani, anaipeleka kwenye mkokoteni nje. Alibaki vilevile, mgongo umepinda.

"Nani mwizi?"

"Wewe! Hiyo uliyoikumbatia ni yangu. Nimeileta hapa kwa kichwa changu, shingo inauma mpaka leo."

Alikuwa Mama Sare, mshonaji wa sare za shule mtaa wa pili. Mwili wake uliujaza mlango mzima, hata mwanga ukapungua ndani.

"Mama, hii ni mali ya marehemu baba yetu," Meneja akasema, akijitahidi kutoa sauti ya ofisini. "Tumekaa kikao cha familia, tumekubaliana. Mnunuzi yuko njiani."

"Marehemu alikuwa fundi au alikuwa na kiwanda cha cherehani? Zote hizi angezishonea nini, mapazia ya mbinguni?"

Watu waliokuwa nje wakacheka. Meneja akaitua cherehani chini taratibu.

Kwa wewe uliyejiunga nasi leo, usijali, sikuachi njiani. Fundi ameacha watoto watatu. Meneja ndiye mkubwa. Wanaomfuata ni wasichana wawili waliofuatana karibu sana, mpaka walipokuwa wadogo watu walidhani ni mapacha. Mmoja ameolewa, naye huwezi kuketi kwake kabla hajafuta kiti, kwa hiyo ni Mama Usafi. Wa mwisho ni Kitinda.

Kitinda ndiye aliyebaki na mzee. Mama yao alifariki zamani, wengine wakaenda kwenye maisha yao, yeye akaendelea kulala chumba cha nyuma na kushinda karakana ya mbele, akipaka mafuta, akibadilisha mikanda, akinyoosha bobini zilizopinda. Hana mume, hana chumba kwingine, hana kazi nyingine. Nyumba ile ikiuzwa, Kitinda atatoka na mkoba wake na hajui aelekee kulia au kushoto.

Meneja ameshapata mnunuzi wa kuchukua vyote kwa mkupuo: nyumba, karakana na cherehani zilizomo. Mtaa ule nyumba hazina hati. Mwenye nyumba ni yule ambaye majirani wanasema ni yake, na ambaye ufunguo uko mfukoni mwake. Kilichokuwa kinasubiriwa ni Kitinda akubali kaka yake awe msimamizi wa mirathi.

Kila mtu alitegemea vita. Kitinda akasema, "Sawa."

Msomaji, usimwite mjinga. Tangu wamzike baba yake, Kitinda alikuwa amekufa ganzi. Hakulia msibani, hakulia makaburini, hakulia waombolezaji walipokunja mikeka. Watu walimsema. Yeye mwenyewe alijaribu kulia mara moja akiwa bafuni peke yake, akakunja uso, akasubiri, hakuna kilichokuja. Akaoga, akatoka. Akiambiwa kula, anakula. Akiulizwa kitanda cha mzee kitolewe, anasema sawa. Nyumba iuzwe? Sawa.

Sasa alikuwa ameketi kwenye kigoda cha baba yake kando ya ukuta, akimwangalia Mama Sare kama mtu anayeangalia mvua ya mtaa wa jirani.

"Kitinda, si unanijua?" Mama Sare akamgeukia. "Waambie ndugu zako. Shule zinafunguliwa, nina sare za darasa zima hazijaungwa mikono."

"Nakujua," Kitinda akasema.

"Basi sema!"

"Ni yake," Kitinda akamwambia kaka yake.

Meneja akapandisha mabega. "Ushahidi?"

Mama Sare akaingiza mkono kifuani, akatoa kipande cha kitambaa cha waridi, cha zile pindo za sare. "Nusu yake ameifunga fundi kwenye mkono wa cherehani. Tafuta."

Marehemu hakuwahi kumwandikia mteja risiti. Ukimletea cherehani, atakuuliza kitambaa unachoshona, atararua kipande, atakichana katikati kwa meno yake. Nusu anafunga kwenye cherehani, nusu unaondoka nayo. Siku ya kuchukua, ncha za nusu mbili zinakutanishwa. Nyuzi zikikaa, chukua chako uende. Mtu asiyesoma na aliyesoma wote walikuwa sawa mbele ya matambara ya fundi.

Meneja akageuza cherehani upande huu na upande ule. Hakuna tambara. Akaangalia ya pili. Ya tatu. Zote zilikuwa zinang'aa, tupu.

"Nani amevua matambara?" Mama Sare akauliza, na safari hii hakupiga kelele.

Mama Usafi, aliyekuwa mlango wa ndani na fagio mkononi, akakohoa.

"Yalikuwa machafu," akasema. "Yamejaa mafuta. Nikasema mnunuzi akija akute vitu vinapendeza. Nikayafungua yote, nikayafua. Yako kwenye kamba huko nyuma."

"Yote?"

"Yote. Na sabuni ya unga."

Mama Sare akakaa chini palepale alipokuwa, juu ya cherehani ya mtu. "Mungu wangu. Umefua mali za mtaa mzima."

Kosa lile, msomaji, lisingeweza kufanywa na mwingine ila mtoto wa fundi aliyeolewa mbali na mafuta ya cherehani. Angekuwa mwizi, angeyaacha. Mnunuzi angeyaacha. Usafi ndio uliowaponza.

Mama Usafi alianza kulia. "Mimi nilitaka kusaidia tu! Siku zote mnaniona mimi sijui kitu!"

"Nyamaza," shangazi yao akasema kutoka kwenye kiti cha plastiki kule pembeni. Huyu ni dada wa marehemu, aliyesafiri kuja kusimamia kikao, naye tangu asubuhi alikuwa anasinzia au anajifanya kusinzia. "Nyamazeni wote. Mlilelewa humu ndani, mkalishwa na matambara hayohayo. Kaka yangu alikuwa anawaambia nini?"

Akageukia kigoda cha kando ya ukuta.

"Kitinda, alikuwa anasema nini?"

"Chenye tambara ni cha watu," Kitinda akasema.

"Haya. Meneja, unauza cha watu. Utawaambia nini wenyewe wakija?"

Wenyewe walikuwa wameshakuja. Habari za mkokoteni zilikuwa zimeshafika mtaa wa pili na wa tatu. Mlangoni palikuwa na mshonaji wa mapazia, palikuwa na kijana wa suruali za jinzi, palikuwa na bibi mmoja mfupi wa miwani ambaye hakuna aliyemfahamu, kila mmoja na kitambaa chake mkononi.

Mama Sare hakusubiri. Alivuta kigoda kingine, akakaa mbele ya cherehani ya kwanza, akaizungusha gurudumu. "Siyo." Ya pili. "Hii inakohoa, siyo." Akafika kwenye ile ya Meneja, akaizungusha gurudumu mara mbili, akafumba macho. "Mama yangu huyu hapa." Akaibeba kichwani na kuondoka nayo, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Pale mlangoni aligeuka. "Kitinda, pole mwanangu. Lia basi hata kidogo, utaumwa."

"Sawa," Kitinda akasema.

Ndani ya muda mfupi mshonaji wa mapazia na kijana wa jinzi nao walikuwa wamezitambua zao, wakabishana kidogo juu ya moja, wakapatana. Mkokoteni ulibaki mtupu. Meneja alifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Haya," akasema. "Cherehani zimekwenda. Ziende. Nyumba hakuna wa kuibeba kichwani. Mnunuzi atachukua nyumba peke yake. Kitinda, lete ufunguo."

"Meneja, pumzika kwanza," shangazi akasema.

"Shangazi, nimepumzika vya kutosha. Mtu anakuja, nataka nimfungulie vyumba vyote kwa mkono wangu. Kitinda, hujasikia?"

Kitinda aliingiza mkono mfukoni mwa gauni. Ufunguo wa nyumba ile ulikuwa mmoja, mkubwa, wa chuma, wa zamani. Baba yake alimkabidhi siku aliposhindwa kuinuka kitandani. Akautoa, akamnyooshea kaka yake.

Shangazi akasimama ghafla mpaka kiti kikaanguka.

Kwenye mpini wa ufunguo palifungwa tambara.

Lilikuwa la buluu, lenye vidoti vyeupe, limekolea mafuta na weusi wa vidole. Liliepuka sabuni ya Mama Usafi kwa sababu lilikuwa mfukoni mwa Kitinda. Wote watatu walilijua. Walikua nalo. Walipokuwa wadogo walitumwa dukani na ufunguo ule, wakalizungusha tambara lile kwenye vidole vyao. Na hakuna hata mmoja, katika miaka yote hiyo, aliyewahi kuliuliza kwa sauti.

"Ni... ni la kuzuia ufunguo usipotee," Meneja akasema.

"Kaka yangu hakuwa anafunga tambara kwa sababu hiyo," shangazi akasema.

"Sasa unataka kusema nini, Shangazi? Nyumba ya baba ni ya nani, kama siyo ya baba?"

"Mimi sijui. Nilikuwa nimeolewa mbali. Nilipokuja kuwatembelea nikakuta mmeshahamia hapa, nikafurahi, sikuuliza."

"Ni yangu," sauti ikasema.

Alikuwa yule bibi mfupi wa miwani. Wenzake wote walikuwa wameondoka na cherehani zao, yeye amebaki mlangoni, kiatu kimoja ndani, kimoja nje. Alikunjua kiganja. Kilikuwa na kipande cha kitambaa cha buluu chenye vidoti vyeupe, safi, kimekunjwa kwa miaka hata mikunjo imeacha alama.

Mama Usafi akaangusha fagio.

Meneja alikuwa mwepesi. Alikichukua kipande mkononi mwa bibi, akakiweka juu ya meza ya kazi, akaweka na ufunguo, akavuta tambara lake likalala sambamba. Akazikutanisha ncha.

Hazikukutana. Ncha ya bibi ilikuwa imechanika kwa mshazari kwenda chini, ya ufunguo ilikwenda juu. Katikati palibaki pengo la upana wa kiganja.

"Mmeona?" Meneja akageuka na tabasamu la kwanza tangu asubuhi. "Haviungani! Kitambaa hiki kiliuzwa kila duka. Bibi, pole na safari, mlango ndio huo."

"Haviungani kwa sababu vipande ni vitatu," bibi akasema.

"Vitatu!"

"Nilimwachia fundi vitu viwili. Kipande kimoja akafunga kwenye ufunguo wa nyumba yangu. Kimoja nikaondoka nacho mimi. Cha katikati akasema kitakaa na mtoto."

Nje, mwenye mkokoteni alikuwa anapiga mluzi.

"Mtoto gani?" shangazi akauliza.

Bibi alishika ukingo wa meza. Aliongea bila kupandisha sauti, kama mtu aliyeyasema maneno hayo peke yake mara nyingi. "Nilikuwa naumwa. Napelekwa mbali kutibiwa, nimeambiwa nisitegemee kurudi. Sikuwa na mume, sikuwa na ndugu. Fundi na mkewe walikuwa wapangaji wa jirani, watu wema. Nikawapa ufunguo na mtoto wa kike, bado ananyonya. Fundi akaniambia, mimi sichukui vya watu, nitakutunzia. Akararua gauni langu la kitambaa hiki, pale pale."

"Na hukurudi," shangazi akasema.

"Nilirudi. Nilipona, nikarudi. Nikachungulia dirisha hilo hapo. Wako wasichana wawili wanacheza sakafuni, wanalingana, wamevaa sawa, wanacheka. Nikashindwa kujua wa kwangu ni yupi." Alilitazama tena dirisha. "Mama gani hajui wake ni yupi? Nikaona aibu, nikaondoka. Sasa nimesikia fundi amefariki na nyumba inauzwa, nikasema huenda aliyebaki ndani atafukuzwa. Sikuja kumtoa mtu, wanangu. Nimekuja ili asitolewe."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akamtazama Mama Usafi. Akamtazama Kitinda. Akarudi tena kwa Mama Usafi. Hata sasa hakujua.

"Siyo mimi!" Mama Usafi akapiga kelele, akirudi nyuma. "Mimi nafanana na baba! Pua hii si ya baba? Kaka, sema! Si nafanana na baba?"

"Hakuna mtoto wa kuletwa humu," Meneja akasema. "Kama kuna kipande cha tatu kionyeshwe. Hakipo, huyu ni tapeli, na nyumba inauzwa leo hii."

Na Kitinda? Kitinda alikuwa bado amekaa. Aliyasikia yote, kila neno, lakini yalimfikia polepole. Alikuwa anakiwaza kimto chake.

Ni kimto kidogo cha utotoni, kimejaa sufi iliyogandamana. Mama yake alikishonea kiraka kikubwa upande mmoja, mishono midogo midogo, na kila kimto kilipochakaa kikashonwa upya, kiraka kikahamishiwa kwenye kimto kipya. Ndugu zake walimcheka kwa kulalia kimto cha mtoto mpaka ukubwani. Juzi Mama Usafi alitaka kukichoma pamoja na takataka, na hiyo ndiyo mara pekee ambayo Kitinda hakusema sawa. Alikichukua tu mkononi mwa dada yake, akakirudisha kitandani.

Kiraka ni cha buluu. Kina vidoti vyeupe.

Msomaji, hebu jiweke pale kwenye kigoda. Akikitoa kile kimto, nyumba haiuzwi, bibi atamwacha akae. Lakini akishakitoa, fundi si baba yake. Mwili alioufunika udongo juzi utakuwa wa mtu aliyemtunza tu, kama alivyotunza cherehani ya Mama Sare. Jina lake litafutwa kwenye mirathi, na ndugu zake watakuwa watu aliokaa nao nyumba moja. Akinyamaza, Meneja atamfukuza bibi, mnunuzi atachukua ufunguo, naye atalala nje akiwa bado ni mtoto wa fundi.

Baba, akasema moyoni. Ulinifunga tambara na mimi.

Akainuka. Hakuna aliyemwangalia, maana walikuwa wanagombana, Meneja akimsukuma bibi kuelekea mlangoni na shangazi akimvuta Meneja shati. Kitinda akapita mlango wa ndani. Akapita uani, chini ya kamba ambapo matambara ya watu yalikuwa yananing'inia safi kabisa. Akaingia chumbani kwake, akakichukua kimto. Kilikuwa chepesi. Akakikumbatia kifuani, upande wa kiraka ukiwa ndani, hakionekani kitu ila kitambaa cheupe cha nyuma.

Aliporudi karakana, Meneja ndiye aliyemwona kwanza.

Mkono wake ukaachia bega la bibi. Uso wake ukabadilika. Si hasira, maana hasira ya kaka yake Kitinda aliizoea. Ile ilikuwa hofu.

"Mdogo wangu," akasema taratibu. Tangu wazike, alikuwa hajamwita hivyo. "Rudisha hicho kimto ndani."

"Kimto cha nini tena?" Mama Usafi akauliza, macho yamevimba. "Tunaongelea kipande cha kitambaa, mwenzetu anataka kwenda kulala?"

Shangazi akaangalia kimto. Akamwangalia Meneja. Akafunika mdomo kwa mkono.

Kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia Meneja kwamba kipande cha tatu kiko kwenye kimto. Bibi hakusema, wala hakujua. Kiraka chenyewe kilikuwa kimegeukia kifuani kwa Kitinda.

"Kirudishe," Meneja akasema tena. "Nitamwambia mnunuzi aende zake. Nitakuachia chumba. Nitakuachia nyumba nzima. Ila usikiweke hapo mezani. Nakuomba."

Kitinda alimtazama kaka yake. Yule Meneja wa vikao na mikokoteni hakuwepo. Aliyekuwepo ni mvulana wa shule aliyepewa siri na wazazi wake, akaibeba mpaka akaota mvi.

"Kaka," akasema, "ulikuwa mkubwa kiasi gani nilipoletwa?"

Nje, gari likasimama. Mlango ukafunguliwa, mtu akaita kwa furaha, "Hodi hapa! Wenye nyumba wako?"

Hakuna aliyemwitikia mnunuzi. Meneja aliketi kwenye kigoda cha baba yake, akaweka mikono juu ya magoti.

"Nilikuwa mkubwa wa kutosha kukubeba," akasema.

Bibi alitoa sauti ndogo. Sasa alikuwa amejua ni yupi.

Kitinda alikigeuza kimto. Akakitazama kiraka, akaona mishono ya mama yake, midogo, imebana, ya mtu aliyeshona bila kutaka kifunguliwe. Akachukua mkasi wa baba yake juu ya meza, akaanza kutafuta mwisho wa uzi. Na kwa mara ya kwanza tangu mazishi, chozi likaanguka juu ya kidoti cheupe.